Makaburi ya Sanga: Ulinzi wa Wafu Wasio na Kilima

0. Utangulizi

Katika nchi nyingi za dunia kaburi la kale hujitambulisha lenyewe. Huko Newgrange, katika nchi ya Ireland, wakulima wa bonde la mto Boyne walijenga, kadiri ya mwaka 3200 kabla ya Kristo, kilima cha mawe na udongo chenye upana wa meta 85 hivi, wakaweka ndani yake mabaki ya wafu wao. Mkulima wa leo hukiona kilima hicho tangu mbali, na jembe lake hukizunguka. Vivyo hivyo katika Senegal na Gambia, duara za mawe yaliyosimamishwa na vilima vya udongo huonyesha mahali walipozikwa watu wa zamani, na mwaka 2006 duara hizo zilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilima ni kaburi na ni tangazo pia: humwambia kila mpita njia kwamba hapa pana mtu, pasichimbwe.

Sanga, kwenye ukingo wa ziwa Kisale katika mkoa wa Haut-Lomami, hakuna kilima. Hakuna jiwe lililosimamishwa wala ukuta. Juu ya ardhi zimo nyumba, viwanja, miembe na vijia viendavyo ziwani. Chini yake wamelala watu waliozikwa kwa muda wa karne nyingi, kila mmoja pamoja na vyungu vyake, mapambo yake na zana zake. Ni mojawapo ya mahali pa maziko pa kale panapojulikana sana katika Afrika ya Kati, lakini mgeni asiyeambiwa anaweza kupita juu yake asitambue kitu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, namna makaburi hayo yalivyojulikana na yalivyopangwa kwa wakati, pili, mafunzo yaliyopatikana ndani yake, tatu, ulinzi yanaoupata na ule yanaoukosa, pamoja na sehemu ya lugha ya Kiswahili katika kazi hiyo.

1. Mahali penyewe

Bonde la Upemba ni ardhi tambarare iliyoshuka chini baina ya miinuko ya Katanga. Mto Lualaba huingia humo ukitoka kusini, ukapunguza mwendo wake, ukatapakaa na kufanya mabwawa na maziwa mengi, miongoni mwake Upemba, Kisale na Kabamba. Mafunjo hufunika sehemu kubwa ya maji, na mengine hung'oka yakawa kama visiwa vielekeavyo upepo unakovuma. Samaki ni wengi, na udongo unaoachwa na mafuriko una rutuba. Kwa sababu hiyo watu hawakuacha kukaa humo.

Lakini neema hiyo ina sharti lake. Maji yanapopanda, nchi kavu hupungua, na panapobaki pa kujenga ni matuta machache yaliyo juu kidogo ya maji. Yeyote aliyekaa ukingoni mwa Kisale katika karne ya 9, ya 13 au ya 17 alilazimika kuchagua tuta lile lile. Kwa hiyo walio hai waliwafuata walio hai mahali pamoja, na wafu wakazikwa karibu na wafu, mara nyingine juu yao. Kijiji cha leo hakikujengwa juu ya makaburi kwa dharau wala kwa kutojali. Kimejengwa pale ambapo wazee wa wazee wao walijenga, kwa kuwa maji hayakuacha nafasi nyingine. Jambo hili ni la kukumbukwa kila inapozungumzwa habari ya ulinzi.

Jambo hilo hilo laeleza pia kwa nini wachunguzi wanajua zaidi habari za makaburi kuliko habari za nyumba. Nyumba za miti na udongo, zikijengwa na kubomolewa mahali pamoja kwa miaka elfu, hazikuacha alama nyingi. Kaburi lililochimbwa chini sana lilisalimika.

2. Namna makaburi yalivyojulikana

Uchimbaji wa kwanza wa kitaalamu ulifanyika Sanga mwaka 1957. Uliongozwa na Jacques Nenquin pamoja na Jean Hiernaux, mtaalamu wa maumbile ya binadamu aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Hiernaux alirudi huko mwaka 1958, na mwaka 1959 akachimba pia Katoto, upande wa juu wa Lualaba. Nenquin alitoa kitabu chake juu ya Sanga mwaka 1963. Vipimo vya kwanza vya umri, vilivyofanywa kwa njia ya kaboni 14, vilielekeza kwenye karne ya 8 na ya 9 baada ya Kristo. Jambo hilo lilistaajabisha, maana wengi walikuwa wakidhani kwamba vyombo vizuri namna hiyo haviwezi kuwa na umri mkubwa katika sehemu hizo.

Hata hivyo tatizo kubwa lilibaki. Katika makaburi ya Sanga zilionekana aina tatu za vyombo vya udongo. Ya kwanza iliitwa kwa jina la ziwa Kisale. Ya pili kwa jina la Mulongo, mahali palipo upande wa chini wa mto. Ya tatu ilijulikana kwa rangi nyekundu iliyopakwa juu ya chombo. Je, aina hizo tatu zilitumiwa na watu wa wakati mmoja, wa makundi mbalimbali, au zilifuatana? Nenquin alielekea kudhani kwamba zilikuwa za wakati mmoja.

Jibu lilipatikana mwaka 1974, Pierre de Maret alipochimba tena Sanga, halafu Katongo, na mwaka 1975 Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Alikuta makaburi yaliyokatana, yaani mahali ambapo shimo la kaburi moja lilipasua kaburi lililotangulia. Lenye kukata ni la baadaye. Lililokatwa ni la zamani zaidi. Kwa kulinganisha mikato hiyo na vipimo vya kaboni 14 ilithibitika kwamba vyombo vya namna ya Kisale vilitangulia, na zile aina nyingine zikafuata. Leo makaburi zaidi ya 300 ya bonde la Upemba yamekwisha kuchunguzwa, na mfuatano wake ni miongoni mwa mifuatano iliyo kamili zaidi katika Afrika ya Kati kwa ajili ya wakati wa chuma.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Jibu la swali hilo halikuwa ndani ya chungu chochote. Lilikuwa katika uhusiano wa shimo na shimo, katika mstari mwembamba wa udongo wenye rangi tofauti, ambao mtu aliyefukua kwa haraka angeliupita bila kuuona. Chungu kilichotolewa kaburini bila kuandikwa mahali kilipolala bado ni chungu kizuri. Chaweza kuwekwa kabatini na kusifiwa. Lakini hakiwezi tena kusema kilizikwa na nani, kabla ya nani, wala baada ya nani. Ndiyo sababu ulinzi wa makaburi si ulinzi wa vitu peke yake, bali hasa wa mpangilio wa vitu.

3. Mfuatano wa nyakati

Wataalamu wamegawa muda wa makaburi hayo katika sehemu ambazo kwa Kiswahili zaweza kuitwa hivi:

a) Wakati wa Kamilamba, katika karne ya 6 au ya 7 hata ya 8. Makaburi yake yaliyopatikana ni machache.

b) Wakati wa Kisale ya kwanza, tangu karne ya 8 hata ya 10.

c) Wakati wa Kisale ya ustawi, tangu karne ya 10 au ya 11 hata ya 13. Makaburi ya wakati huu ndiyo mengi na ndiyo yenye vitu vingi zaidi.

d) Wakati wa Kabamba, tangu karne ya 14 hata ya 18, wenye sehemu mbili, A na B.

e) Wakati wa Waluba wa karibuni, tangu karne ya 18.

Majina ya Kamilamba, Kisale na Kabamba ni majina ya mahali, wala hayakuwa majina ya watu wenyewe. Hakuna ajuaye kwa kuyatazama makaburi hayo kwamba mzikwa wa karne ya 10 alijiita nani au alisema lugha gani. Lakini kutoka wakati mmoja hata mwingine hakuna dalili ya watu kufukuzwa wote na nafasi yao kushikwa na wengine. Mabadiliko yapo, tena makubwa, katika ufinyanzi na katika desturi za maziko. Mwendo wa maisha, hata hivyo, waonekana kuendelea. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huona katika bonde hilo mizizi ya dola ya Waluba, dola ambayo masimulizi ya mdomo huieleza kwa habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Masimulizi husema juu ya mwindaji mgeni aliyeleta adabu ya ufalme kwa mara moja. Makaburi huonyesha ustawi uliokua polepole kwa karne nyingi. Hakuna haja ya kulitupa moja kwa ajili ya jingine. Masimulizi hueleza ufalme ni nini na mfalme apaswa kuwa mtu wa namna gani. Makaburi hueleza lini na kwa njia zipi mamlaka yalianza kuonekana.

4. Yasemwayo na makaburi

4.1. Watoto na vyungu vyao

Katika makaburi ya wakati wa Kisale vyungu ni vingi, na vingi miongoni mwao havina dalili ya kutumiwa jikoni. Vilifinyangwa kwa ajili ya maziko. Katika makaburi ya watoto vyungu hivyo ni vidogo, na udogo wake hulingana na umri: mtoto mchanga huwekewa vidogo kabisa, na kadiri umri unavyozidi ndivyo ukubwa wa vyungu unavyozidi. Basi mfinyanzi aliketi, baada ya kufa kwa mtoto, akafinyanga kwa kipimo cha mtoto yule. Hapana maandishi ya wakati ule, lakini ni vigumu kutamka kwamba watu hao hawana historia wakati msiba wao umeandikwa kwa udongo namna hiyo.

Baadhi ya makaburi ya watoto yana mali nyingi. Mtoto hakuweza kuichuma mwenyewe. Kwa hiyo yadhaniwa kwamba heshima ilipatikana kwa kuzaliwa katika nyumba fulani, wala si kwa kazi ya mtu peke yake.

Miongoni mwa vyombo vimo pia vijiko vya moto vya udongo vyenye pembe tatu za kutegemeza chungu, mfano wa mbabula ya siku hizi. Chombo cha namna hiyo humfaa mvuvi, maana aweza kupika akiwa ndani ya mtumbwi bila kuuchoma. Pamoja na chusa na mifupa ya samaki, vyombo hivyo vyathibitisha kwamba maji ndiyo yaliyokuwa shamba la kwanza la watu wa Kisale, ingawa majembe ya chuma yaonyesha kwamba kilimo pia hakikusahauliwa.

4.2. Shoka na fuawe

Katika kaburi moja la Kamilamba, la wakati wa Kisale ya kwanza, mtu alizikwa pamoja na shoka ambalo mpini wake ulipambwa kwa misumari ya chuma, na karibu na kichwa chake iliwekwa fuawe ya chuma. Shoka la namna hiyo halikuwa la kukatia kuni. Miongoni mwa Waluba wa karne za baadaye shoka la fahari lilichukuliwa begani na wenye mamlaka, na uhunzi ulikuwa karibu na ufalme: vijiti vya chuma vyenye umbo la fuawe ndogo, vilivyoitwa kinyundo, vilitiwa katika nywele. Hivyo alama za mamlaka zilizoonekana na wasafiri katika karne ya 19 zilikuwa zimekwisha kuwekwa kaburini miaka elfu moja kabla yao.

Mwanafunzi wa lugha ataona hapa jambo jingine. Kiswahili kina nyundo na kina fuawe, na neno la pili limetokana na kitenzi fua. Mzizi wa kinyundo ni ule ule wa nyundo. Mhunzi wa pwani na mhunzi wa Lualaba hawakujuana, lakini maneno ya kazi yao yana asili moja katika lugha za Kibantu.

4.3. Shaba na misalaba

Bonde la Upemba halina shaba. Machimbo yapo kadiri ya kilometa 300 upande wa kusini, katika nchi ambayo ilipewa jina la Shaba tangu mwaka 1971 hata mwaka 1997. Hata hivyo mapambo ya shaba ni mengi katika makaburi ya Kisale: bangili, mikufu, mishipi ya nyuzi zilizosokotwa kwa ustadi mkubwa. Samaki waliokaushwa, kwa vyovyote, walikuwa mali ya kubadilishana, maana ndicho kitu ambacho bonde lilikuwa nacho kwa wingi na nchi kavu ilikuwa nacho kwa uchache.

Katika wakati wa Kabamba hutokea kitu kipya: misalaba midogo ya shaba. Hapo mwanzo ni michache na mikubwa kidogo, nayo huwekwa kifuani mwa maiti. Baadaye inakuwa mingi zaidi, midogo zaidi na yenye kufanana kwa ukubwa, na huwekwa karibu na mikono au kiunoni, mara nyingine ikiwa imefungwa pamoja. Kitu ambacho hupungua ukubwa, huongezeka idadi na hulingana kipimo chake kimekwisha kugeuka kuwa fedha. Ni nadra katika Afrika ya kati kuweza kuona, kaburi baada ya kaburi, jinsi pambo la heshima lilivyogeuka kuwa sarafu ya kununulia.

4.4. Simbi za bahari

Kitu cha nne chahusu Kiswahili zaidi. Katika makaburi ya Kisale zilipatikana simbi zilizotoka Bahari ya Hindi, umbali wa kadiri ya kilometa 1400, pamoja na ushanga wa vioo ingawa kwa uchache. Wakati wa Kabamba vitu hivyo vinaongezeka. Katika karne hizo ndipo Kilwa na miji mingine ya pwani ilipokuwa ikistawi.

Haifai, hata hivyo, kufikiri kwamba msafara wa watu wa pwani ulifika Kisale katika karne ya 11. Hakuna dalili ya jambo hilo. Simbi zilipita mkononi mwa huyu hata mkononi mwa yule, kijiji hata kijiji, na yule aliyezikwa nazo huenda hakupata kamwe kusikia habari ya bahari. Wafanyabiashara wa pwani na washirika wao walifika katika nchi za Lualaba na Katanga katika karne ya 19, wakati ambapo Msiri alijenga Bunkeya, na lugha ya Kiswahili ikaanza kusikika. Basi simbi zilitangulia lugha kwa karne zipatazo nane. Njia ambayo Kiswahili kiliifuata ilikuwa imekwisha kukanyagwa na vitu vidogo visivyosema.

5. Ulinzi wa sheria

Sheria ya kulinda mambo ya kale katika Kongo si mpya. Amri ya tarehe 16 Agosti 1939 ilihusu ulinzi wa mahali pa kale, majengo na kazi za sanaa za wenyeji. Katika mwaka huo huo wa 1939 hifadhi ya wanyama ya Upemba iliundwa. Wanyama walipata mipaka na walinzi. Makaburi yalipata karatasi.

Baada ya uhuru, Taasisi ya Makumbusho ya Taifa iliundwa mwaka 1970, na tarehe 15 Machi 1971 ilitolewa amri-sheria namba 71-016 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Kwa mujibu wake serikali yaweza kuandikisha mahali au kitu kuwa mali ya kulindwa. Uchimbaji wa kutafuta vitu vya kale wahitaji ruhusa. Na mtu aliyevumbua kitu cha kale kwa bahati, kwa mfano akichimba msingi, apaswa kutoa habari kwa wenye mamlaka. Mwaka 1974 nchi ilikubali Mapatano ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1997 bonde la Upemba lilitiwa katika orodha ya awali, yaani orodha ya mahali ambapo serikali inakusudia kupapendekeza.

Orodha ya awali si orodha yenyewe. Ni nia iliyoandikwa. Mahali patano pa Kongo palipokwisha kuandikishwa katika Urithi wa Dunia, yaani Virunga (1979), Garamba na Kahuzi-Biega (1980), Salonga (1984) na hifadhi ya okapi (1996), pote ni mahali pa wanyama na misitu. Hakuna hata mahali pamoja pa kazi ya mikono ya watu. Mgeni anayesoma orodha hiyo aweza kufikiri kwamba nchi hii ina sokwe na tembo lakini haina mambo ya kale. Makaburi ya Sanga ni mojawapo ya majibu yaliyo wazi zaidi kwa wazo hilo.

Lakini ulinzi wa Sanga una ugumu ambao Newgrange haina. Kilima chaweza kuzungushiwa ua. Kijiji hakiwezi. Kila familia inayojenga nyumba huchimba msingi. Kila nyumba yahitaji choo. Matofali hutaka udongo. Mihogo hutaka jembe. Kila shimo laweza kukutana na kaburi. Kukataza mashimo yote ni kukataza watu kuishi, na sheria inayokataza watu kuishi haifuatwi. Kwa upande mwingine, kuacha kila mtu achimbe apendavyo ni kuachilia mfuatano wa miaka elfu upotee kidogo kidogo, bila mtu mmoja kuwa na kosa. Tena vitu vya kale vina bei katika masoko ya nchi za nje, na misalaba ya shaba hubebwa kwa urahisi mfukoni. Vita vya miaka 1998 hata 2003, na machafuko yaliyofuata katika Katanga ya kaskazini, viliongeza umaskini na kuzuia kazi ya uchunguzi. Na pale mtu anapokosa chakula, haifai kumlaumu peke yake ikiwa ameuza kitu alichokikuta chini ya kiwanja chake. Mnunuzi ndiye mwenye kuulizwa kwanza.

Kwa hiyo ulinzi wa kweli wa mahali kama Sanga hauwezi kuwa wa ua na askari. Wahitaji ramani inayoonyesha sehemu zenye makaburi mengi, ili ujenzi uelekezwe kwingine inapowezekana. Wahitaji makubaliano na chifu na wazee juu ya jambo la kufanya shimo linapokutana na mifupa. Wahitaji mtu aliyefunzwa, anayekaa karibu, awezaye kufika kwa siku chache, kupima, kuchora na kuandika kabla kazi ya ujenzi haijaendelea. Wahitaji pia jibu la swali ambalo wenyeji wana haki ya kuliuliza: vitu vinavyotolewa vinakwenda wapi? Sehemu ya vitu vya Sanga iko Lubumbashi. Sehemu nyingine iko Tervuren, Ubelgiji. Mtu anayeombwa kukilinda kitu ambacho watoto wake hawatakiona ameombwa jambo zito.

6. Lugha ya ulinzi

Hapo ndipo masomo ya Kiswahili yanapoingia. Sheria ya mwaka 1971 imeandikwa kwa Kifaransa. Vitabu vya uchimbaji vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Wenye kushika jembe Sanga husema Kiluba na Kiswahili. Amri isiyoeleweka na anayepaswa kuitii ni kama haikutolewa.

Wala kazi hiyo si ya kutafsiri neno kwa neno. Mfano mmoja unatosha. Katika Katanga kitenzi chimba na jina mchimbaji vimeshikamana na madini. Ukisema kwamba wataalamu wa chuo kikuu wamekuja kuchimba makaburi, msikilizaji aweza kuelewa moja ya mambo mawili, nayo yote ni mabaya: ama wanatafuta shaba na dhahabu, ama wanawaibia wafu. Lakini lugha yenyewe ina jozi iliyo bora: fukia na fukua. Anayezika hufukia, anayeondoa udongo ili kuona kilichofukiwa hufukua, na baada ya kuona na kuandika, aweza kufukia tena. Neno ufukuzi, hata hivyo, halifai, kwa kuwa latoka katika kufukuza. Yafaa kusema ufukuaji. Hivyo ufukuaji wa kitaalamu waweza kutengwa na uchimbaji wa madini kwa maneno ambayo kila mtu anayajua tangu utoto.

Vile vile usemi wa «kabla ya historia» wahitaji hadhari. Katika lugha za Ulaya wamaanisha tu wakati usio na maandishi. Katika Kiswahili msikilizaji aweza kusikia kwamba watu hao walikuwa bila habari, bila mambo ya kukumbukwa. Ni afadhali kusema «wakati wa kale usio na maandishi», hata ikiwa ni usemi mrefu zaidi. Na neno urithi, linalotumiwa sana siku hizi katika mikutano, lina maana ya wazi katika familia: ni mali inayogawanywa baada ya mwenyewe kufa. Urithi wa taifa ni kinyume chake, yaani mali isiyogawanywa. Tofauti hiyo isipofafanuliwa, anayekuta kaburi kiwanjani mwake ataona, kwa haki ya lugha yake, kwamba amerithi na aweza kuuza.

Karatasi ndogo ya Kiswahili na Kiluba, yenye kueleza kwa maneno ya kawaida nini kifanyike shimo linapokutana na mifupa, habari ipelekwe kwa nani, na kwa nini mahali pa chungu ni pa thamani kuliko chungu chenyewe, haihitaji fedha nyingi. Yahitaji watu wanaojua lugha zote mbili na wanaojua sheria. Watu hao wamo katika vyuo vikuu vya nchi.

7. Hitimisho

Makaburi ya Sanga hayakuachiwa kilima na wale walioyachimba. Wao hawakuwa na haja ya kuonyesha mahali. Walikaa hapo hapo, na kila mmoja alijua wazazi wake wamelala wapi. Kumbukumbu ya wakaao juu ndiyo iliyokuwa kilima. Kumbukumbu hiyo imekatika katika sehemu nyingi, na sheria iliyotaka kushika nafasi yake imebaki katika lugha isiyosikika ukingoni mwa ziwa.

Kati ya mambo hayo mawili ipo kazi ya kufanywa. Kila kaburi lililobaki bila kuguswa bado lina mkato wake, mfuatano wake na vyungu vyake vilivyopimwa kwa umri wa mtoto. Likivunjwa bila kuandikwa, hakuna chuo wala makumbusho itakayoweza kulirudisha. Likilindwa na wale wanaokaa juu yake, kwa maneno wanayoyaelewa na kwa faida wanayoiona, laweza kungoja wachunguzi wenye njia bora kuliko za leo. Nao watakuta, chini ya miembe ya Sanga, majibu ya maswali ambayo bado hayajaulizwa.